Bibi alizungumza Kiabkhazi jikoni na Kimegreli sokoni: je, mwenye nyumba wangu ni kabila gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasomea udaktari hapa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, mwaka wa tatu, na nimepanga chumba kwa mama mmoja aliyekimbia mwaka 1993 kutoka Gali, kule Abkhazia iliyojitenga na Georgia. Jirani zake humwita Mmegreli. Serikali inamhesabu Mgeorgia. Juzi alinionyesha picha ya bibi yake akasema bibi huyo alizungumza Kiabkhazi jikoni na Kimegreli sokoni. Jina la ukoo wao linaishia na -baia, lakini binamu yake aliyebaki Gali, ng'ambo ya mto Enguri, siku hizi analiandika bila ile -ia ya mwisho. Halafu ule ugali ambao hapa wanauita ghomi, yeye akijisahau huuita abysta. Nilimuuliza ni kabila gani hasa, akacheka, akaenda kuosha vyombo. Je, ni kabila gani? Na je, nilimkosea?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kumkosea hukumkosea, maana angekasirika ungejua. Ila swali lako lina umri mkubwa kuliko wewe na mimi tukijumlishwa. Ukoo wa mama huyo umekuwa ukiulizwa hivyo tangu zama za Tsar wa Urusi, na karibu kila mara aliyeuliza alikuwa na kalamu mkononi na nafasi moja tu ya kuandika jibu.

Nianze na jibu, kisha nikueleze lilikotoka. Mwenye nyumba wako ni Msamurzakano. Leo hakuna fomu yenye neno hilo. Mwaka 1886 lilikuwamo.

Tazama ramani. Mto Enguri unashuka kutoka milima ya Kaukazi hadi Bahari Nyeusi. Ukifuata pwani kuelekea kaskazini-magharibi utakutana na mto mwingine mdogo, Ghalidzga, unaoingia baharini penye mji wa Ochamchire. Nchi iliyo kati ya mito hiyo miwili ndiyo Samurzakano, na wilaya ya Gali ya leo imo humo. Upande mmoja wake ni Abkhazia, nchi ya watawala wa nasaba ya Chachba, ambao kwa Kigeorgia huitwa Shervashidze. Upande wa pili ni Megrelia, nchi ya watawala wa nasaba ya Dadiani. Jina lenyewe ni la Kigeorgia: *sa-* mwanzoni na *-o* mwishoni hutengeneza "mahali pa fulani", na fulani huyo ni Murzakan, mtoto wa Kvapu Chachba. Kvapu na nduguze waligawana nchi karibu na mwaka 1700, na yeye akapata kipande cha kusini. Mtoto akakirithi, nchi ikabeba jina lake. Kwa hiyo tangu mwanzo una mtawala Mwabkhazi aliyeitia jina nchi kwa sarufi ya Kigeorgia, huku wakulima wengi wa sehemu ya chini wakizungumza Kimegreli.

Mpaka haukuwa hapo zamani. Katikati ya karne ya 17 Dadiani Levan wa Pili alitawala hadi karibu na Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, na ramani ya mmisionari Mwitaliano Arcangelo Lamberti ya mwaka 1654 inaonyesha ukuta uliojengwa kuwazuia Waabkhazi wasivamie. Levan alipokufa mwaka 1657, nguvu za Megrelia zilipungua na Waabkhazi wakashuka kusini, mto baada ya mto, hadi Enguri. Wamegreli waliokuwa wakiishi humo wapo waliokimbia na wapo waliobaki chini ya mabwana wapya. Na waliobaki, baada ya vizazi kadhaa, wengi wao walikuwa wakijiita Waabkhazi.

Hapa ndipo wanahistoria wanapoanza kurushiana maneno, na utayasikia hapo Tbilisi kwenye teksi yoyote ukitaja Gali. Upande wa Georgia unasema: watu wa Samurzakano ni Wamegreli walioabkhazishwa na mamwinyi wa Chachba. Upande wa Sukhumi unasema: ni Waabkhazi waliomegrelishwa na kanisa, shule na makarani wa karne ya 19 na 20. Nimesoma hoja za pande zote kwa miaka mingi na naona wote wanasema kweli, kila mmoja kuhusu karne yake. Karne ya 17 na 18 mkondo ulikwenda upande wa Uabkhazi. Kuanzia katikati ya karne ya 19 ukageuka. Kosa lao ni lile neno "asili", kana kwamba ukichimba vya kutosha utafika kwenye mwamba mmoja. Ukichimba Samurzakano utakuta tabaka za udongo.

Mkondo uligeuzwaje? Kwanza na utwana. Huko Megrelia mabwana waliwabana watwana wao vibaya sana. Mwaka 1857 watwana waliasi wakiongozwa na mhunzi aitwaye Utu Mikava, na utwana wenyewe haukufutwa hadi 1867. Ng'ambo ya Enguri ardhi ilikuwa nyingi na bwana hakuwa na mkono mzito kiasi hicho. Kwa hiyo mtwana aliyechoka alivuka mto usiku na familia yake, akajiweka chini ya ulinzi wa ukoo wenye nguvu, akalima. Mtu wa namna hiyo katika kizazi cha kwanza alikuwa Mmegreli mkimbizi. Watoto wake walioa kijijini. Wajukuu walikuwa watu wa hapo.

Pili, ulezi. Waabkhazi walikuwa na desturi ya mwinyi kumpeleka mtoto wake mchanga akalelewa na familia ya wakulima hadi ujana. Yule mama mkulima alimnyonyesha, na kuanzia siku hiyo nyumba mbili zikawa ndugu wa kunyonya. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa maana ya undugu wa ziwa moja: watoto hao hawaoani. Kule undugu huo ulifika mbali zaidi, kwani nyumba mbili zilisaidiana kulipiza kisasi na kusimamiana harusi na misiba. Na haukujali lugha. Mtoto wa mwinyi Mwabkhazi aliweza kunyonya kwa mama Mmegreli, akakua anaota ndoto kwa Kimegreli, kisha akarudi kwa wazazi wake kutawala kwa Kiabkhazi.

Kwa kuwa unatoka kwetu, niruhusu nichepuke kidogo. Kaskazini zaidi, nje ya Samurzakano, karibu na mdomo wa mto Kodori kuna kijiji cha Adzyubzha, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 waliishi watu weusi wenye asili ya Afrika. Wengi wa waandishi wanadhani waliletwa na mamwinyi wa Chachba kutoka masoko ya watumwa ya Waosmani wa Uturuki, ingawa kuna nadharia nyingine kadhaa. Walizungumza Kiabkhazi, walioana na jirani zao, na walijiita Waabkhazi. Nawataja kwa sababu wanaonyesha jinsi watu wa pwani ile walivyopima nani ni mwenzao: kwa lugha ya nyumbani, kwa adabu, kwa nani atakuzika. Damu ilikuja baadaye, pamoja na makarani.

Sasa lugha, maana bila hiyo hutaelewa uzito wa jambo. Usidhani Kiabkhazi na Kimegreli vinakaribiana kama Kiamu na Kimvita. Havina undugu wowote unaothibitika. Kimegreli ni ndugu wa Kigeorgia, Kisvani na Kilaz. Kiabkhazi ni cha familia nyingine kabisa, pamoja na Kiabaza na Kicherkesi, na lahaja yake ya maandishi ina konsonanti 58. Mtu anayezungumza vyote viwili amevuka bahari ndani ya kinywa chake. Ila Wasamurzakano walivuka kila siku. Waangalizi wa karne ya 19 waliona kwamba vijiji vya milimani na nyumba za mamwinyi vilishika zaidi Kiabkhazi, na vijiji vya tambarare karibu na Enguri vilizungumza Kimegreli, huku katikati watu wakibadili kulingana na aliyeingia mlangoni. Wanaisimu mpaka leo wanaigawa Kimegreli katika lahaja mbili, na ile ya magharibi wanaiita ya Zugdidi na Samurzakano. Msikilize mama mwenye nyumba akizungumza na dada yake kwa simu, kisha umsikilize Mmegreli wa Senaki. Utasikia tofauti hata kabla hujaelewa maneno. (Na kama bado hujazoea: ndiyo, kwa Kigeorgia *mama* ni baba na mama ni *deda*. Kwa Kimegreli ni *muma* na *dida*. Wanafunzi wetu wote hupigwa chenga na hilo wiki ya kwanza.)

Kanisa nalo lilifanya kazi yake. Samurzakano ilikuwa ya Kikristo kwa sehemu kubwa, wakati Waabkhazi wengi wa kaskazini walikuwa wamesilimu chini ya Waosmani. Urusi ilipoufuta utawala wa Chachba mwaka 1864, na baada ya uasi wa Lykhny wa 1866 na vita vya 1877 na 1878, makumi ya maelfu ya Waabkhazi walihamia au kuhamishiwa Uturuki. Vijiji vizima vilibaki mahame. Samurzakano, ambayo watawala wake walikuwa wamekula kiapo kwa Tsar tangu 1805 na ambayo Urusi iliitawala moja kwa moja tangu 1840, haikukumbwa na uhamisho huo kwa kiwango hicho. Matokeo yake, kipande hiki kilichokuwa pembezoni ghafla kikawa na karibu nusu ya watu wote waliohesabika kuwa wa upande wa Abkhazia.

Ndipo karani alipoingia. Orodha za kaya za mwaka 1886 ziliandika Waabkhazi wapatao 28,000, na kando yao, kwa jina lao wenyewe, Wasamurzakano zaidi ya 30,000. Karani aliwauliza, wakamjibu, akaandika walichosema. Sidhani mwenye nyumba wako anajua kwamba mababu zake waliwahi kuwa na mstari wao rasmi. Miaka 11 baadaye, sensa ya 1897 ilihesabu watu kwa lugha ya mama, na Wasamurzakano wakatoweka. Kwa sehemu kubwa waliingizwa kwa Waabkhazi, na ndiyo maana tarakimu ya Waabkhazi mwaka huo inakaribia 59,000. Sensa ya kwanza ya Kisovyeti iliyofanyika kwa ukamilifu, ya 1926, iliwapata Waabkhazi 55,918 katika Abkhazia nzima na Wageorgia 67,494. Uhamiaji ulichangia sana tofauti hiyo, hasa wakulima wa Kimegreli waliokuja kujaza ardhi iliyoachwa wazi. Lakini sehemu nyingine ni watu wale wale wa Samurzakano walioandikwa upande wa Wageorgia ilhali baba yao aliandikwa upande wa Waabkhazi. Wapo hata waliojiandika Waabkhazi kwa taifa na kutaja lugha ya jirani kuwa ndiyo ya mama.

Sensa hiyo ya 1926 ilikuwa na jambo jingine: iliwahesabu Wamegreli peke yao, watu 242,990 katika Umoja wa Kisovyeti wote. Katika miaka ya 1930 hata gazeti la wakulima kwa Kimegreli lilichapishwa. Halafu mlango ukafungwa. Kuanzia sensa ya 1939 Mmegreli alikuwa Mgeorgia, basi. Kwa hiyo mtu wa Samurzakano alipoteza majina mawili katika kizazi kimoja: kwanza lile la nchi yake, kisha lile la lugha aliyoizungumza.

Kilichobaki ni mstari wa tano. Tangu 1932 Umoja wa Kisovyeti ulianza kutoa pasipoti za ndani, na kwenye mstari wa tano wa karatasi za mtu paliandikwa taifa lake. Zingatia neno: si uraia, maana raia wote walikuwa wa Kisovyeti, na silo hasa hili letu la "kabila" pia. Ukifika miaka 16 na wazazi wako ni wa mataifa tofauti, ulichagua moja. La baba au la mama. Huwezi kuandika mawili, huwezi kuandika "mchanganyiko", huwezi kuandika "Samurzakano".

Na uchaguzi huo haukuwa wa mapenzi tu. Kipindi cha Lavrentiy Beria, bosi wa Georgia na baadaye wa polisi wa siri wa Stalin, ambaye mwenyewe alikuwa Mmegreli aliyezaliwa Merkheuli karibu na Sukhumi, kuandikwa Mwabkhazi hakukuwa na faida yoyote. Nestor Lakoba, kiongozi wa Abkhazia, alikufa Tbilisi Desemba 1936 baada ya kula chakula cha jioni kwa Beria. Mwaka 1938 alfabeti ya Kiabkhazi ikabadilishwa kuwa ya Kigeorgia, na katikati ya miaka ya 1940 shule za Kiabkhazi zikafungwa. Mzazi mwenye akili katika kijiji cha mchanganyiko alimwandikisha mtoto Mgeorgia. Stalin alipokufa upepo ukageuka: shule zikafunguliwa tena, na kwa kuwa jamhuri hii ndogo ndani ya Georgia ilibeba jina la Waabkhazi, vyeo vingi vikatengwa kwa ajili yao. Sasa kuandikwa Mwabkhazi kukawa na faida. Ndiyo unakuta familia ambamo kaka mkubwa ni wa taifa moja na mdogo ni wa jingine, baba mmoja, mama mmoja, wamezaliwa chumba kile kile. Hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja aliandika nusu ya ukweli kwa sababu nafasi ilikuwa ya nusu.

Nije kwenye jina la ukoo, maana umelitazama kwa jicho zuri. Majina ya Kiabkhazi mengi huishia na *-ba*, neno la kale lenye maana ya mtoto wa fulani. Mwanamke kwa desturi huitwa kwa ukoo wa baba yake akiongezewa *-pha*, yaani binti, na halibadilishi hata akiolewa. Majina ya Kimegreli huishia na *-ia*, *-ua* au *-ava*. Ukikuta *-baia*, karibu kila mara umekuta mshono: jina la Kiabkhazi lililovalishwa mkia wa Kimegreli. Kama ulikuwa mtoto wa mpira, au baba yako alikuwa shabiki, mtamkumbuka Temur Ketsbaia wa Newcastle United, yule aliyefunga bao dhidi ya Bolton mwaka 1998 kisha akavua jezi na kuanza kuyapiga mateke mabango ya matangazo. Huyo amezaliwa Gali mwaka 1968. Upande wa Abkhazia kuna ukoo wa Ketsba. Katika familia za juu mambo yalikwenda kwa tafsiri nzima: Chachba ni Shervashidze, Achba ni Anchabadze.

Lakini nakuonya: jina la ukoo linakuambia alikopita babu mmoja kati ya babu wengi. Yule mtwana aliyevuka Enguri na kupewa jina la mlinzi wake, wajukuu zake leo wana *-ba* ya kujivunia bila tone la damu ya Chachba. Na kinyume chake. Siku hizi Sukhumi inalitumia jina kama ushahidi kwamba watu fulani wa Gali ni Waabkhazi waliopotea, wanaopaswa kurudi, na wapo waliokata mkia na kurudisha umbo la Kiabkhazi. Binamu wa mwenye nyumba wako huenda ni mmoja wao. Usimhukumu. Nitakueleza kwa nini.

Sensa ya mwisho ya Kisovyeti, 1989, iliwakuta watu 525,061 katika Abkhazia. Waabkhazi walikuwa 93,267, chini ya mmoja kati ya watano, katika jamhuri yenye jina lao. Wageorgia, wengi wao Wamegreli, walikuwa 239,872. Ukishaiona tarakimu hiyo utaelewa hofu ya upande mmoja na ghadhabu ya upande wa pili, hata kama hutaikubali yoyote. Vita vilianza tarehe 14 Agosti 1992 majeshi ya Georgia yalipoingia Abkhazia. Oktoba mwaka huo nyaraka za taifa za Abkhazia zikateketea kwa moto Sukhumi, mji ukiwa mikononi mwa majeshi hayo, kwa hiyo hata karatasi ambazo zingetusaidia kujibu swali lako kwa utulivu nyingi ni majivu. Septemba 1993 Waabkhazi na washirika wao kutoka Kaukazi ya Kaskazini waliiteka Sukhumi na kusonga hadi Enguri, na watu zaidi ya 200,000 wakakimbia. Mwenye nyumba wako ni mmoja wao. Waliokuwa Gali walivuka mto tu wakafika Zugdidi, wakiona moshi wa nyumba zao kutoka ng'ambo. Wengi walirudi miaka iliyofuata kupanda mahindi na kuchuma hazeli zao. Mei 1998 mapigano yakazuka tena, wakakimbia mara ya pili, nyumba zikachomwa mara ya pili.

Na wakarudi tena. Hawa ndio watu pekee wa kundi hilo kubwa la wakimbizi waliorudi kwa wingi. Sensa iliyofanywa na Sukhumi mwaka 2011 iliwakuta Wageorgia 43,166 na, kwa mstari uliorudishwa, Wamegreli 3,201. Tazama ujanja wa mstari huo. Sukhumi ingependa watu wa Gali wajione Wamegreli wasio Wageorgia. Tbilisi inaona hiyo ni kamba ya kuigawa nchi. Na raia wa kawaida wa Gali anaona swali jingine la karani.

Maisha yao ya leo yanapita kwenye karatasi. Wengine waliishi miaka mingi kwa cheti cha muda kinachoitwa Fomu namba 9. Wengine walipewa pasipoti za Abkhazia, ambazo baadaye zilisemekana zimetolewa kinyume cha sheria kwa sababu wenye nazo hawakuukana uraia wa Georgia. Suala hilo lilichangia kumwangusha Rais wa Abkhazia, Alexander Ankvab, aliyejiuzulu Juni 1, 2014, na kabla ya uchaguzi uliofuata majina zaidi ya 22,000 yakafutwa kwenye daftari la wapiga kura. Tangu 2017 wanapewa kibali cha ukaazi, kama wageni, kwenye mashamba walimozikwa babu zao. Shule za Gali ya chini zilizokuwa zikifundisha kwa Kigeorgia zilianza kugeuzwa kuwa za Kirusi mwaka 2015, kuanzia madarasa ya chini. Mwaka 2017 vivuko viwili vya vijijini vikafungwa. Aprili 2021 watu wanne walizama wakijaribu kuuvuka Enguri kwa siri. Basi mtu akiambiwa kwamba kufuta herufi mbili mwishoni mwa jina kutampa uraia, shamba salama na ruhusa ya kupita darajani, na herufi hizo ziliongezwa tu zamani na kasisi au karani fulani, wewe ungefanyaje?

Kitu kimoja kule hakijagawanyika, na ni cha zege. Bwawa la Enguri, lenye kimo cha mita 271.5, liko upande wa Georgia. Mitambo ya umeme iko Saberio, ndani ya Gali. Hakuna anayeweza kuwasha taa bila mwenzake, kwa hiyo kupitia vita vyote wahandisi wa pande mbili wameendelea kupigiana simu. Vile vile watu wa pande zote mbili walikuwa wakihiji kanisa la Mtakatifu George pale Ilori na kula viapo mbele yake, na mwizi wa ng'ombe wa Kiabkhazi aliiogopa picha takatifu ya humo sawasawa na mwenzake wa Kimegreli.

Umeniuliza kama ulimkosea. Nikuambie kinachokwaza: ni lile neno "hasa". "Ni kabila gani hasa" humwambia mtu kwamba mojawapo ya bibi zake ni wa uongo. Siku nyingine muulize kijiji chao, na kipo juu au chini ya barabara kuu. Muulize yule bibi wa kwenye picha alizikwa wapi na nani alikwenda kumlilia. Atazungumza hadi usiku wa manane na huenda ukapitwa na somo la asubuhi.

Kuhusu ugali: ghomi kwa Kimegreli, abysta kwa Kiabkhazi, na mpishi wa kila upande atakuapia kwamba wa mwenzake hauliki. Zamani ghomi lilikuwa jina la mtama mdogo uliolimwa huko kabla ya mahindi kufika kutoka Amerika. Pande zote husonga bila chumvi, hupakua moto moto, na huchomeka vipande vya jibini ndani vikayeyuka. Chumvi inatoka kwenye ajika, ile pilipili ya kusaga na kitunguu saumu ambayo Wageorgia wote wanaiona yao, ingawa jina lake ni neno la Kiabkhazi lenye maana ya chumvi. Akiuita abysta, elewa kwamba hapo ni mkono wa bibi yake ndio unaosonga. Kula kwa vidole kama nyumbani, na usiombe sukuma wiki. Nilishawahi kuomba.